Kumpa Msomaji Kitabu Kimfaacho Wakati Ukiwa Mfupi

Maneno yaliyosemwa Songea mbele ya walimu, watendaji wa kata na vijiji, na watunzaji wa vitabu



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja ambalo kwa macho ni dogo. Msomaji amefika mlangoni pa maktaba, naye ana haraka. Nyuma yake wamesimama wengine watatu. Ataka kitabu, lakini hajui kitabu gani. Je, mtunza vitabu amwambie nini katika dakika tatu au nne zilizopo, ili mtu yule aondoke na kitabu atakachokisoma mpaka mwisho, kisha arudi kutaka kingine?

Wako wasemao kwamba shauri la namna hii ni kazi ya siku tulivu, siku ambayo mtunza vitabu ameketi na msomaji ameketi, wakazungumza kwa raha. Siku yenye watu wengi, wasema, yatosha kugonga mhuri, kuandika jina, na kumwonyesha mtu kabati lilipo. Nami nasema sivyo. Katika nchi kama yetu dakika hizo tatu ndizo kazi yenyewe ya maktaba. Mhuri na daftari ni watumishi wake tu. Nitaeleza kwanza kwa nini nasema hivyo, kisha nitaeleza jinsi kazi hiyo ifanywavyo.

Tuwatazame hao wajao. Mmoja ametoka Mbinga, amekuja mjini kwa shauri la kahawa yake. Mwingine ametoka Namtumbo kumtazama mgonjwa aliyelazwa hospitali. Wa tatu ni mama auzaye mboga sokoni, amemwachia jirani yake meza kwa muda mfupi. Wa nne ni mwanafunzi, na kengele ya shule haitamngoja. Katika hao wanne hapana hata mmoja aliyetoka kwake kwa ajili ya maktaba peke yake. Kila mmoja ameiba nafasi ndogo katika shughuli nyingine, naye aliyetoka mbali ana basi la kuwahi. Siku tulivu tunayoingoja, kwa watu hawa haiji kamwe. Tukisema tutawashauri siku hiyo, maana yake ni kwamba hatutawashauri.

Tena tukumbuke jinsi vitabu vilivyotufikia. Mwaka 1948 serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilianzisha Idara ya Vitabu vya Afrika ya Mashariki, nayo, pamoja na kuchapa vitabu, ilipeleka masanduku ya vitabu mikoani, na wengine iliwaazima kwa njia ya posta. Ilikuwa kazi njema. Lakini aliyepanga vitabu ndani ya sanduku hakumwona mtu ambaye angelifungua. Baada ya Uhuru ilitungwa sheria ya mwaka 1963 ya kuanzisha Huduma za Maktaba Tanganyika, na tarehe 9 Desemba, 1967, Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Miaka ya 1970, watu wazima walipofundishwa kusoma katika nchi nzima, maktaba ndogo zilifunguliwa vijijini ili waliojifunza wapate cha kusoma. Toka sanduku la posta hata kabati la kijiji, safari ya kitabu ilikuwa ndefu na ya gharama. Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Songea ni zaidi ya kilomita 900. Ikiwa kitabu kimepita njia yote hiyo, kisha kikakosa kumfikia mtu kwa sababu ya hatua mbili za mwisho, kati ya kabati na mkono wake, basi gharama ile yote imepotea bure.

Wala hasara si ya fedha tu. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika katika nchi yetu walikuwa wapata mmoja katika kila kumi. Sifa hiyo ilienea duniani. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wasiojua walikuwa zaidi ya wawili katika kumi. Wenye elimu wametaja sababu nyingi, na mojawapo ni hii, kwamba kusoma ni kama jembe: lisipolima hupata kutu. Aliyejifunza kusoma kisha akakosa kitabu husahau. Na aliyepewa kitabu kisichomfaa, kigumu mno au kisichomhusu, huyo naye husahau, tena upesi zaidi, kwa kuwa hurudi nyumbani akiamini kwamba vitabu ni vya watu wengine. Hatakuja kulalamika wala kukuambia kwamba ulikosea. Atarudisha kitabu kwa mkono wa mtoto, naye mwenyewe hutamwona tena.

Alikuwako Bara Hindi, katika mji wa Madras, mtu mmoja jina lake S. R. Ranganathan. Kwanza alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwaka 1924 alikabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha mji ule. Mwaka 1931 alitoa kitabu chenye kanuni tano za kazi ya maktaba, ambazo hata leo hufundishwa katika vyuo vya wakutubi duniani kote. Kwa maneno yangu mwenyewe nasema kwamba alitaka vitabu vitumike, visifungiwe. Kila msomaji akute kitabu chake, na kila kitabu kimkute msomaji wake. Na kanuni ya nne ni kwamba wakati wa msomaji usipotezwe. Angalieni, bwana huyu hakuhesabu wakati wa msomaji kuwa adabu tu ya kumpendeza mgeni. Aliuweka miongoni mwa nguzo tano za nyumba. Kwa hiyo, mtunza vitabu amshaurie msomaji upesi na vema ametimiza kanuni yenyewe.

Sasa nije kwenye namna ya kuifanya kazi hii.

Kwanza, uliza maswali mawili, na yasiwe zaidi. Mara nyingi twamwuliza mtu, "Wapenda vitabu vya namna gani?" Swali hilo ni gumu, maana lamtaka mtu ajue aina za vitabu kabla hajavisoma. Atajibu, "Chochote," na hapo nyote wawili mmesimama gizani. Afadhali umwulize hivi: "Ni kitabu gani, au hadithi gani, iliyopata kukupendeza?" Kisha umwulize: "Hiki utakisomea wapi, na lini?" La kwanza hukuonyesha moyo wake, na la pili hukuonyesha maisha yake.

Tuseme ameingia mzee mkulima, nawe u kijana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutaka kitabu, lakini gari langu laondoka sasa hivi."

"Karibu, baba. Je, iko hadithi uliyopata kuisoma au kuisikia ikakupendeza?"

"Vitabu sikusoma vingi. Lakini redioni nilipenda sana michezo ya kuchekesha."

"Na hiki utakisomea wapi, baba?"

"Nyumbani, jioni. Wajukuu hunizunguka, nami huwasomea kwa sauti. Ila herufi ndogo sizioni vizuri siku hizi."

Mazungumzo haya hayakupita dakika moja, nawe umekwisha jua mambo manne: ataka kucheka, atasoma kwa sauti, atasoma jioni kidogo kidogo, na ataka herufi kubwa. Mtu wa namna hii mpe *Hekaya za Abunuwasi*, ambazo ni hadithi fupi fupi, kila moja yaisha jioni moja, na wajukuu watacheka pamoja naye. Utafute chapa yenye herufi zinazosomeka. Mzee hakusema neno hata moja juu ya aina za vitabu, wala hukumwuliza.

Pili, mpe vitabu viwili au vitatu achague. Ukimpa kimoja umemlazimisha. Atakichukua kwa heshima, si kwa kupenda. Ukimpa kumi umemrudisha alikotoka, maana atasimama akivitazama mpaka basi lipige honi. Viwili au vitatu vyatosha, na visifanane. Kimoja kiwe karibu sana na alichokisema. Cha pili kiwe kando yake kidogo. Kimoja kati ya hivyo kiwe chembamba, ili asiye na nafasi asiogope.

Tatu, ueleze kila kitabu kwa pumzi moja. Sema ni nani aliye ndani yake, ana taabu gani, na kitabu ni cha namna gani mkononi. Usisimulie mwisho. Usianze na sifa za mtungaji wala mwaka wa kuchapwa. Hayo ni mema, lakini si ya mtu mwenye haraka. Nitatoa mifano, ili isionekane kwamba nasema mambo ya hewani.

*Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1960, ueleze hivi: "Mtu amekutwa ameuawa penye mzimu, watu wanaogopa, na Bwana Msa mwenye kiko anamtafuta mwuaji kwa akili tu." Yatosha. Apendaye fumbo ameshanyosha mkono.

*Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952: "Liwali mmoja mwema ana manyani wawili ambao huwapiga kila usiku, na mfalme ataka kujua kwa nini. Ni kitabu chembamba, na Kiswahili chake ni kitamu." Mwalimu atakipenda kwa lugha, na mtoto mkubwa atakipenda kwa manyani.

*Wasifu wa Siti binti Saad*, cha Shaaban Robert pia, cha mwaka 1958: "Ni maisha ya kweli ya mwanamke aliyezaliwa maskini Unguja, akawa mwimbaji mashuhuri, sauti yake ikanaswa katika sahani za santuri kule Bombay." Huyu mama wa sokoni aliyemwachia jirani meza yake, yamkini atakitaka hiki kuliko kitabu cha mapishi.

*Kuli* cha Adam Shafi, cha mwaka 1979: "Ni habari za wachukuzi wa bandarini Unguja, mishahara yao midogo, na jinsi walivyogoma mwaka 1948." Kijana aliyekwisha fanya kibarua hahitaji kuelezwa zaidi.

*Peponi* cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, kitabu alichokiandika kwa Kiingereza na sasa kimefasiriwa kwa Kiswahili: "Kijana Yusuf achukuliwa na tajiri mfanya biashara kwa sababu ya deni la baba yake, akasafiri naye barani siku za Wajerumani."

Kipo na kitabu ambacho hapa kwetu huulizwa kwa sababu ya historia ya mji huu. Kila mtu wa Songea ajua habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, na jinsi Nduna Songea Mbano alivyonyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kwa hiyo msomaji akisema, "Nataka kitabu cha Maji Maji," mkono wetu hukimbilia *Kinjeketile* cha Ebrahim Hussein, cha mwaka 1969. Ni kitabu bora. Lakini katika pumzi ile ile mwambie kwamba ni mchezo wa kuigiza, umeandikwa kwa maneno ya wasemaji, na kwamba habari zake ni za upande wa Rufiji na Umatumbi ambako maji yalianza, si za Ungoni. Usipomwambia, atakifungua nyumbani akitafuta babu zake, atakuta majina ya wasemaji yamepangwa pembeni, adhani amepewa kitabu kibovu. Neno moja la kuonya laokoa kitabu na laokoa msomaji.

Vivyo hivyo kwa vitabu vinene. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alichokitunga kwa Kikerewe mwaka 1945 na kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, ni hazina kuu ya desturi na maisha ya mume na mke waliotamani mtoto. Lakini kina kurasa mamia kwa mamia. Usimpe mtu ambaye atapita hapa tena baada ya wiki mbili bila kumwambia kwamba chaweza kusomwa sehemu kwa sehemu, na kwamba ataruhusiwa kukiongezea muda.

Nne, jihadhari na makosa matatu ambayo haraka hutusukuma kuyafanya.

Kosa la kwanza ni kumpa mtu kitabu ukipendacho wewe. Haraka inapotushika, kitabu kilicho karibu na ulimi ni kile tulichokisoma jana. Usimpimie mwenzako kanzu kwa mwili wako.

Kosa la pili ni kumpa mtu kitabu kwa kuitazama kazi yake. Mkulima akiingia twampeleka kwenye namba 630, penye kilimo. Mama akiingia twampeleka penye malezi na mapishi. Kijana akiingia twamwuliza darasa lake na mtihani wake. Kweli, mkulima aweza kutaka habari za magonjwa ya mihogo, na akisema hivyo apewe mara moja. Lakini aliyeshinda shambani tangu alfajiri huenda jioni asitake tena shamba. Huenda ataka kisiwa chenye hazina, au mashimo ya mfalme Sulemani, hadithi ambazo watu wa nchi hii wamezisoma kwa Kiswahili tangu mwaka 1929. Anayechagua kwa niaba ya mwenzake kwa kutazama mikono yake amemhukumu, hakumsaidia.

Kosa la tatu ni kumwaibisha. Msiseme, "Hiki ni kigumu kwako," wala, "Hiki ni cha watoto." Semeni, "Hiki chaenda polepole, na hiki chaenda mbio, uchague." Mtu mzima aliyejifunza kusoma akiwa na miaka arobaini atachukua kitabu cha watoto kwa furaha ukimwambia kwamba atamsomea mjukuu, ukimwambia kwamba ni saizi yake, ataondoka mikono mitupu.

Tano, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote: upesi wa mlangoni hutengenezwa kabla mlango haujafunguliwa. Hapana mtu awezaye kusoma vitabu vyote vya kabati lake. Lakini kila mtunza vitabu aweza kukijua kitabu kwa robo saa. Tazama jalada lake na maneno ya nyuma. Soma dibaji kwa haraka. Soma ukurasa wa kwanza wote, kisha ukurasa mmoja wa katikati. Angalia ukubwa wa herufi, unene wa kitabu, na kama kina picha. Kisha andika katika daftari mistari miwili: ni cha nani, na chasemaje. Fanya hivyo kwa kitabu kimoja kila siku ya kazi, na mwaka hautakwisha kabla hujawa na vitabu zaidi ya mia mbili katika ulimi wako.

Zaidi ya hayo, uwe na mwalimu mwingine, naye ni msomaji arudishaye kitabu. Akikirudisha usikipokee kimya kimya. Mwulize neno moja: "Kilikuwaje?" Akisema, "Nilikesha nacho," liandike. Akisema, "Kilinichosha mwanzoni," liandike pia. Neno la mkulima wa Mbinga juu ya kitabu laweza kumfaa mkulima mwenzake wa Tunduru kuliko sifa zilizochapwa juu ya jalada. Na weka mahali pamoja, karibu na mlango, vitabu kumi vilivyosifiwa na wasomaji wenyewe, uvibadilishe kila mwezi. Siku watu wakijaa, hapo ndipo pa kuwaonyesha.

Sita, ukiwa hujui, sema hujui, lakini usimwache mtu aondoke hivi hivi. Andika jina lake na haja yake, umwambie lini arudi au umpelekee habari kwa mwalimu wa kijiji chake. Na kama kitabu akitakacho kimeazimwa na mwingine, mwandikie zamu yake, ukampe kingine cha kumshika mkono wakati anapongoja.

Najua yako maneno ambayo huletwa kupinga haya. Wengine husema, "Mwacheni msomaji ajitafutie, ndivyo atakavyojifunza." Ni kweli kwa mwenye saa mbili za kuzunguka penye makabati, nami namtakia furaha hiyo. Mwenye dakika tano hawezi kujitafutia; aweza kubahatisha tu. Wala kumshauri si kumnyima uhuru, maana mwishoni ndiye achaguaye.

Wengine husema kwamba siku hizi simu ya mkononi humwonyesha mtu kitabu apendacho. Naam, simu yajua kile ambacho wengi wamekitaka. Lakini haijui kwamba mzee huyu anasoma kwa sauti, wala kwamba macho yake yamepungua, wala kwamba kitabu chenyewe kimo katika kabati la hapa leo hii. Tena wako wengi vijijini wasio na simu ya namna hiyo, au walio nayo bila fedha za intaneti. Mwenye simu aitumie, na mtunza vitabu aitumie pia kuongeza maarifa yake. Lakini swali la kwanza bado litaulizwa na mtu kwa mtu.

Sasa nawageukieni ninyi wenyeviti na watendaji. Siwaombi majengo makubwa. Nawaombeni mambo mawili. Penye kabati la vitabu, ikiwa ni shuleni au katika ofisi ya kijiji, wekeni mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye saa zake, wala si ufunguo uliopotea katika mfuko wa mtu aliyesafiri. Na juu ya mlango bandikeni orodha fupi ya vitabu vilivyomo, kila kimoja na mstari wake mmoja, ili apitaye aisome hata mlango ukiwa umefungwa.

Nanyi walimu wenzangu, mna darasa zima la watu wenye haraka. Siku moja katika juma chukueni dakika tano za mwisho wa kipindi, mtaje vitabu viwili, kila kimoja kwa pumzi moja, kisha mkomee hapo kengele ilie. Na baada ya muda, waambieni watoto wenyewe wafanye vivyo hivyo, kila mmoja aeleze kitabu alichokisoma kwa maneno machache bila kufichua mwisho. Kwa njia hiyo mtoto anajifunza kufikiri na kusema kwa ufupi, na vitabu vinapata wapiga mbiu kila nyumba.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Msomaji mwenye haraka ndiye mgeni wetu. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kila mmoja wenu achukue kitabu kimoja ambacho hajakisoma, akikague kwa robo saa kama nilivyoeleza, aandike mistari yake miwili. Kisha afungue mlango, na wa kwanza atakayeingia amwulize yale maswali mawili.